Mzazi mzee anapolipia intaneti kupita kiasi

Makala haya yanawahusu hasa wenye mzazi, shangazi au mjomba mzee anayeishi Uingereza. Kwa wazee hao intaneti ya nyumbani si anasa. Ndiyo inayowakutanisha na wajukuu walioko Mombasa au Mwanza. Lakini wengi wao huilipia zaidi ya inavyostahili, na hawajui.

Sababu yake ni hii. Mteja mpya hupewa bei ya kuvutia kwa mkataba wa miezi 18 au 24. Mkataba ukiisha, huduma haikatwi. Inaendelea kama kawaida, ila bei inapanda. Benki hukata fedha yenyewe kila mwezi, na mzee haoni kitu. Hivyo mteja aliyekaa miaka mingi bila kulalamika ndiye anayelipa zaidi kuliko jirani aliyejiunga jana. Akilipa pauni 48 kwa huduma ambayo angeipata kwa pauni 20, kwa mwaka amepoteza pauni 336.

Tangu Februari 2020, Ofcom, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini humo, imezitaka kampuni zimjulishe mteja kabla mkataba haujaisha na kumwonyesha bei bora zilizopo. Aliyekwisha kumaliza mkataba hukumbushwa kila mwaka. Tatizo ni kwamba taarifa hizo huishia kwenye droo, au kwenye barua pepe isiyofunguliwa.

Usianze kwa kumwambia, "Mama, unaibiwa." Atajiona mjinga, na mazungumzo yatakufa hapo hapo. Mwamkie, kisha mwombe: "Mama, naomba tuiangalie bili ya intaneti pamoja." Bili ni yake na uamuzi ni wake. Tafuteni bei ya sasa, tarehe ya mwisho wa mkataba, na vitu vilivyoongezwa ambavyo havitumii, kama chaneli za michezo.

Kisha pigeni simu kwa kampuni. Mama azungumze kwanza, ajibu maswali ya utambulisho, halafu aruhusu wewe uendelee. Taja bei ya kampuni nyingine mliyoiona na useme mnafikiria kuhama. Mara nyingi bei hushuka hapo hapo, bila fundi wala mtambo mpya.

Kama anapata Pension Credit, yaani nyongeza ya serikali kwa wastaafu wenye kipato kidogo, kuna njia bora zaidi. Ulizeni huduma inayoitwa kwa Kiingereza "social tariff". Ni intaneti ya bei nafuu, mara nyingi karibu pauni 20 kwa mwezi au chini yake, na kampuni nyingi kubwa zinayo, ingawa hazipigi debe. Kasi yake inamtosha mtu mmoja anayeongea na wajukuu kwa video na kutazama ibada au taarifa ya habari. Wapo pia wazee wengi wenye haki ya Pension Credit ambao hawajaiomba kabisa. Hilo lishughulikieni kwanza, maana faida yake inazidi sana ya intaneti.

Mkiamua kuhama, tangu Septemba 2024 kazi imerahisishwa: unawasiliana na kampuni mpya tu, nayo inamalizana na ile ya zamani. Ila hakikisheni kwanza kama mkataba wa sasa una malipo ya kuuvunja kabla ya muda wake.

Yapo mambo mawili ambayo watoto husahau. Je, Mama ana kitufe cha dharura anachovaa shingoni, kinachopita kwenye simu ya mezani? Simu hizo sasa zinahamishiwa kwenye intaneti, na umeme ukikatika hazifanyi kazi bila betri ya akiba. Iambieni kampuni mapema kuhusu kitufe hicho. Pili, kama barua pepe yake ilitolewa na kampuni ya intaneti, huenda akaipoteza akihama, na hospitali na benki humwandikia huko huko.

Tumieni namba ya simu iliyoandikwa kwenye bili. Mtu akimpigia Mama kumwahidi punguzo kabla hamjaomba, akate simu, hata kama anataja jina la kampuni yake na anwani yake sawasawa.