Pikipiki Kubwa ya Safari Ikaguliwe Kuanzia Nyuma

Mnunuzi wa pikipiki kubwa iliyotumika karibu kila mara huanza na kilomita. Akikuta spidomita inasoma 80,000 anakunja uso, akikuta 15,000 anaanza kuhesabu pesa. Kwa pikipiki ya mjini ya cc 125 woga huo una maana. Kwa BMW R1200GS, Honda Africa Twin, Suzuki V-Strom au Yamaha Ténéré, hesabu hiyo hupotosha. Hizi ziliundwa kwenda mbali, na kilomita 80,000 zenye daftari la sevisi zinanitia moyo kuliko 15,000 za pikipiki iliyokaa miaka sita chini ya turubai, petroli ikiharibika tangini na sili zikikauka. Muuzaji aulizwe hivi: ilibeba nini, ilipita wapi, na fundi wake ni nani?

Nautaja mzigo kwanza kwa sababu ndio unaoitofautisha pikipiki ya safari na nyingine zote. Inabeba dereva, abiria, maboksi matatu, hema, na pengine madumu ya petroli na maji. Sehemu kubwa ya uzito huo inashikiliwa na fremu ya nyuma, ile nyembamba iliyo chini ya kiti. Pikipiki kadhaa za aina hii zinazouzwa Nairobi, Arusha na Kampala zililetwa na wasafiri waliokuwa wakikata bara kutoka Cairo kwenda Cape Town, na zilizofika zamani zilipita Moyale hadi Isiolo kabla njia hiyo haijawekwa lami: kilomita zipatazo 500, nyingi zikiwa za changarawe yenye mawimbi. Mtetemo wa aina hiyo hupasua chuma polepole, na ufa unaweza kuonekana miaka kadhaa baadaye mikononi mwa mtu mwingine.

Kwa hiyo vua maboksi, ng'oa kiti, washa tochi, kisha fuata kila muungo wa fremu ya nyuma kwa kidole. Unatafuta mstari mwembamba kama unywele kando ya muungo, rangi mpya iliyopakwa mahali pamoja tu, au uchomeleaji usiofanana na wa kiwandani. Fremu iliyochomelewa na fundi hodari inaweza kudumu, lakini muuzaji aliyeficha jambo hilo ameficha na mengine. Halafu rudi nyuma hatua chache utazame kama vishikio vya maboksi viko kimo kimoja kushoto na kulia. Kimoja kikiwa kimeinama ndani, pikipiki ilianguka ikiwa imebeba.

Ukiwa hapo hapo, kandamiza kiti kwa uzito wako wote, kisha achia. Nyuma inapaswa kupanda kwa utulivu na kusimama. Ikidundadunda, shokapu imekwisha, na shokapu mpya ya pikipiki hizi inaweza kukaribia bei ya bodaboda mpya. Gharama hiyo iingie kwenye mazungumzo ya bei siku hiyo hiyo.

R1200GS za mwaka 2004 hadi 2012 zinastahili maelezo ya peke yake, maana ndizo watu wengi huziota. Hazina cheni. Nguvu inapita kwenye shafti iliyofungiwa ndani ya mkono wa nyuma, na wengi hudhani kwamba kwa kuwa shafti haionekani basi haihitaji matunzo. Isimamishe kwa stendi ya kati, shika gurudumu la nyuma juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza hadi ukasikia kugonga, beringi ya gia ya mwisho imechoka. Kagua pia mpira unaofunika maungio ya shafti, usiwe umepasuka wala kulowa oili. Gia hiyo hutumia oili kidogo sana, takriban mililita 180, kwa hiyo hata kuvuja kwa matone kukiachwa muda mrefu kunaweza kuiua. Muuzaji asiyejua oili hiyo ilibadilishwa lini amekupa jibu tosha.

Mwaka 2015 BMW iliziita gereji pikipiki zake za miaka ya 2005 hadi 2011, R1200GS zikiwemo, kwa sababu flanji ya aluminiamu inayoshika gurudumu la nyuma iliweza kupasuka pale bolti za gurudumu zilipokazwa kupita kiasi. Ilibadilishwa kwa ya chuma, na kinachokuhusu wewe ni kuona kwa macho kwamba ya aluminiamu haipo tena. Vilevile, za 2004 hadi 2006 zenye ABS zina mota inayosaidia breki. Funguo ikiwa imewashwa, ukigusa breki utasikia inaunguruma. Kifaa hicho kikifa, kukibadilisha ni ghali mno, na dereva hubaki na breki dhaifu sana. Binafsi ningetafuta ya kuanzia 2007.

Kwa zenye cheni kazi ni nyepesi. Vuta cheni mahali inapozunguka nyuma ya sproketi. Ikiachana na meno hadi ukaona nusu ya jino, imekwisha, na meno yaliyolala upande mmoja yanasema hivyo hivyo. Hilo ni jambo la kupunguziwa bei tu.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi. Mwambie muuzaji mapema kwamba hutaki aiwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, huenda kuna tatizo la kuwaka ambalo hakutaka ulione. Ikiwaka, tazama moshi. Wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua. Mweupe mzito usiokoma, kwenye injini ya kupozwa kwa maji, unaashiria gasketi ya kichwa. Mweusi ni petroli kuzidi.

Mbele, inua gurudumu lisiguse ardhi, kisha geuza usukani taratibu kutoka upande hadi upande. Ukihisi unanasa katikati, beringi za usukani zimelika. Futa vyuma vya shokapu za mbele kwa kitambaa, zikandamize mara kadhaa, uone kama vimelowa. Zungusha rimu ukitazama ukingo wake, kwa sababu mashimo ya barabarani huacha mbonyeo. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka minane halifai safari hata likiwa na meno mazuri.

Umeme ndio unaosumbua pikipiki za safari kuliko wengi wanavyofikiri, kwa sababu kila mwenye nayo huongeza taa, chaja na kifaa cha ramani. Nyaya zilizounganishwa kwa utepe chini ya kiti ni alama mbaya. Pima betri: ikiwa na chaji na injini imezimwa iwe karibu volti 12.6, na injini ikizunguka kasi ya kati ipande hadi kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, betri haichajiwi, nawe utakwama mbali na fundi.

Halafu karatasi. Pikipiki iliyoingia na mgeni kwa kibali cha muda, au kwa hati ya forodha iitwayo Carnet de Passages, haijalipiwa ushuru, na bei yake ya chini inatokana na hapo. Huwezi kuisajili kwa jina lako hadi forodha imalizane nayo. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye fremu na iliyo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, na ukague namba ya injini pia. Nchini Kenya uhamisho wa umiliki unapitia NTSA, Tanzania unapitia TRA. Usikabidhi fedha zote kabla uhamisho huo haujaanza mbele ya macho yako.