Fizikia Ipo Jikoni, Kliniki na Ndani ya Daladala

Akina mama wengi tunaozungumza nao baada ya ibada, au kwenye benchi la kliniki, hutueleza jambo lilelile. Mtoto aliyekuwa akifanya vizuri somo la sayansi shule ya msingi, akifika kidato cha kwanza anarudi nyumbani kichwa chini kwa ajili ya fizikia. Mama anafungua daftari, anakuta Kiingereza kitupu na herufi zenye alama ya sawasawa katikati, analifunga na kusema, "Kamwulize kaka yako." Mtoto akiwa ni wa kike hakosekani mtu wa kumwambia kwamba somo hilo ni la wavulana, na hapo safari yake ya kuwa daktari, mfamasia au mhandisi inakatika kabla hajajua kwamba alikuwa safarini.

Sisi wauguzi tunalitumia somo hilo kila siku kazini, ingawa hatulitaji kwa jina. Ndiyo maana tunapenda kuwaambia akina mama wenzetu kwamba sura ya kani na mwendo, ambayo ni miongoni mwa sura za mwanzo zinazowatisha watoto, wanaijua tayari. Wanachokosa ni majina ya vitu wanavyovifanya toka asubuhi mpaka jioni.

Kani ni msukumo au mvuto, basi. Ukivuta kamba ya ndoo kisimani, ukikanda unga wa chapati, ukisukuma mlango uliovimba kwa mvua, umetumia kani. Hupimwa kwa nyutoni, kipimo kilichopewa jina la Mwingereza Isaac Newton, aliyezaliwa mwaka 1642. Habari za mtu huyu zinatuhusu sisi wazazi. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa, naye alizaliwa mdogo mno hata haikutegemewa angeishi. Mama yake alipoolewa tena alimwacha kwa bibi yake, na baadaye akamtoa shuleni ili asimamie shamba, kazi ambayo kijana hakuiweza hata kidogo. Ndugu na mwalimu wake walimsihi mama huyo amrudishe shule. Alikubali. Mwaka 1661 kijana aliingia chuo kikuu cha Cambridge, na mwaka 1687 akatoa kitabu chenye kanuni tatu za mwendo ambazo mtoto wako anazisoma leo.

Abiria waliosimama

Kanuni ya kwanza husema kwamba kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kitu kilicho katika mwendo huendelea kwa kasi ileile katika mstari ulionyooka, mpaka itokee kani ya kukibadilisha. Hali hiyo ya vitu kung'ang'ania mwendo vilio nao huitwa inesha.

Mtoto asiyeielewa mpeleke kwa mawazo ndani ya daladala lililojaa. Dereva akifunga breki ghafla, waliosimama hurushwa mbele, nao humlalamikia kwamba amewasukuma. Kwa kweli hakuna aliyewasukuma. Gari ndilo lililosimama, miili yao ikaendelea na safari. Gari likiondoka kwa kishindo hurudi nyuma, kwa sababu miili ilikuwa imetulia na ingependa kuendelea kutulia. Nyumbani chukua glasi, weka juu yake kipande cha kadi ngumu, na juu ya kadi weka sarafu. Mwambie mtoto aipige kadi kwa kidole kwa haraka. Kadi itaruka, na sarafu itadondoka ndani ya glasi. Wadogo zake nao watataka kujaribu, na hilo si vibaya.

Mtoto aliyepakatwa

Kanuni ya pili ndiyo yenye hesabu: kani ni sawa na tungamo mara mchapuko. Tungamo ni kiasi cha kitu kilichomo, kwa kilo. Mchapuko ni jinsi kasi inavyobadilika katika kila sekunde. Kila aliyesukuma mkokoteni anajua kwamba ukiwa na madumu matano yaliyojaa maji unadai nguvu kuliko ukiwa mtupu, na kwamba kuusimamisha mara moja ni kazi kubwa kuliko kuusimamisha polepole.

Hapa tunaomba mama asome taratibu, kwa maana si suala la mtihani tu. Wengi wetu tunapopanda gari tunampakata mtoto na kumkumbatia, tukiamini kwamba likitokea lolote mikono ya mama haitamwachia. Tufanye hesabu pamoja na huyo mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Gari linakwenda kilometa 50 kwa saa, mwendo ambao wengi huuona wa kawaida mjini. Hiyo ni takriban mita 14 kwa sekunde. Mtoto ana kilo 10. Gari linagonga kitu na kusimama kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Gawanya 14 kwa 0.1 upate mchapuko wa 140, zidisha kwa kilo 10, na kani inayohitajika kumzuia mtoto huyo ni nyutoni 1,400. Dunia huivuta kila kilo kwa takriban nyutoni 10, kwa hiyo mama anatakiwa kushika kitu chenye uzito kama wa kilo 140, karibu gunia la mahindi na nusu, bila taarifa, huku yeye mwenyewe akirushwa mbele. Hakuna mikono ya namna hiyo, hata ya mama.

Kwa hesabu hiyohiyo, kugonga ukiwa katika kasi hiyo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi, yaani ghorofa ya tatu. Hakuna mama anayeweza kukaa na mtoto mapajani kwenye ukingo wa ghorofa ya tatu.

Wengine hujifunga mkanda mmoja pamoja na mtoto. Tafadhali, wasifanye hivyo. Mama wa kilo 65 katika ajali kama hiyo humkandamiza mtoto kwenye mkanda kwa nyutoni 9,100. Penye gari la nyumbani, mtoto akae kiti cha nyuma katika kiti chake maalumu, na mchanga awekwe akitazama nyuma ya gari ili mgongo na kichwa vizuiwe kwa pamoja. Kwenye basi la abiria viti hivyo havipo, tunajua. Hata hivyo mama anaweza kukataa kukaa na mtoto mbele karibu na dereva, na anaweza kupaza sauti dereva anapokimbiza gari. Kasi ikiongezeka mara mbili, nishati ya mgongano huongezeka mara nne, na umbali wa kusimama kwa breki vilevile mara nne. Hivyo kondakta akisema "Mama, tunachelewa," jibu analo mwanafunzi wako kwenye daftari.

Yai na kanga

Katika hesabu ile kuna siri nyingine. Ikiwa muda wa kusimama unarefuka, kani inapungua. Waambie watoto wawili washike kanga kwa pembe zake, ining'inie kwa ulegevu na sehemu ya chini wameikunja kidogo juu. Wa tatu arushe yai bichi katikati ya kanga kwa nguvu. Halipasuki. Likirushwa ukutani kwa kasi ileile linapasuka. (Bei ya mayai tunaijua; yai moja linatosha, na likinusurika lipikwe.) Kanga imelisimamisha yai pole pole, ukuta umelisimamisha ghafla.

Ndiyo sababu aliyeanguka kutoka mwembeni kwenye mchanga laini huletwa kwetu akiwa na michubuko, na aliyeanguka kwenye saruji huletwa akiwa amevunjika. Ndiyo kazi ya kofia ngumu ya bodaboda pia. Lile gamba la nje si ulinzi peke yake, bali sponji ngumu ya ndani ambayo hubonyea na kukipa kichwa muda kidogo zaidi wa kusimama. Kofia iliyokwisha sponji, au isiyofungwa kidevuni, ni pambo. Inaruka mbele na kichwa kinabaki wazi.

Mizani ya kliniki

Mtihani hupenda kuwatega watoto katika tofauti ya tungamo na uzito. Uzito ni kani, yaani jinsi dunia inavyokivuta kitu. Ndoo ya lita 20 ina maji ya kilo 20, na dunia huyavuta kwa nyutoni 200 hivi. Ukiipeleka ndoo hiyo mwezini maji yatabaki kilo 20, lakini uzito utakuwa kama sehemu ya sita tu, na mama angeitwika bila kuguna.

Ile mizani ya kuning'iniza tunayowapimia watoto ina springi ndani, na springi huhisi mvuto. Mtoto akirusha miguu na kulia, mshale hupanda na kushuka kwa sababu mwendo wake unaongeza na kupunguza kani kwenye springi. Tungamo lake halijabadilika. Mama anayetuona tunasubiri mtoto atulie asidhani tunachelewesha foleni.

Kanuni ya tatu ni fupi: ukisukuma kitu, nacho hukusukuma kwa kani ileile kuelekea upande wa pili. Anayeruka kutoka mtumbwini kwenda ufukweni huuona mtumbwi ukirudi nyuma. Unapotembea unaisukuma ardhi nyuma, nayo inakusukuma mbele.

Mtoto mwerevu atauliza, kama ukuta nao unanisukuma, mbona sirudi nyuma? Jibu ni msuguano kati ya miguu na sakafu, unaomshikilia mahali pake. Mwambie avae soksi, asimame kwenye sakafu iliyong'arishwa vizuri, ausukume ukuta tena. Atarudi nyuma mwenyewe. Sakafu yenye maji ya sabuni isitumike kwa jaribio hili, na bibi apite kwanza.