Nguo Kuukuu Katika Nyumba za Manika

Katika zama za Msiri, aliyeitawala Garenganze kutoka mji wake wa Bunkeya hata alipouawa mwezi wa Desemba 1891, nguo ilikuwa mali azizi katika nchi hii ya shaba, kwa kuwa misafara iliyokuja na vitambaa vya marekani na bunduki ilirudi pwani na pembe za ndovu, na aliyejaliwa kupata shuka moja hakuiacha mpaka imekwisha kabisa. Leo marobota ya mitumba yafunguliwa sokoni Kolwezi kila uchao, na kwa urahisi huo twaitupa nguo ingali na nusu ya umri wake.

Maana nguo haichakai yote pamoja. Shati huanza kufa ukosini na viwikoni, ilhali kitambaa cha mgongoni kingali kizima. Suruali hutoboka magotini na makalioni. Shuka hupukutika katikati, walakini pindo zake zingali imara, na mshonaji hodari huipasua kwa urefu, akaunganisha pindo kwa pindo, akapata shuka ya pili.

Kabla ya kushika mkasi, yapasa kuujua uzi. Chomoa nyuzi mbili tatu upindoni, uziwashe kwa kibiriti: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, lakini poliesta hunywea, huyeyuka, na ikipoa huwa tone gumu lisilopondeka kwa vidole. Kitambaa cha kushikia sufuria ya bukari juu ya mbabula sharti kiwe cha pamba tupu, tena cha tabaka nne au zaidi, kwani poliesta huyeyuka kwenye nyuzi joto 260 hivi, ikagandamana na ngozi ya mpishi. Pamba ndiyo ifaayo pia kwa tambara la kupangusia, kwa sababu hunywa maji, na poliesta huyasukuma tu huku na huko mezani. Hata hivyo poliesta isidharauliwe: hukauka upesi, haiozi kwa unyevu, yafaa kujazia mito na kusukia kamba za kuanikia.

Yafaa zaidi kwa tandiko la mlangoni, ambalo kila nyumba ya Manika, hapa Kolwezi, yalihitaji mvua zianzapo na udongo mwekundu ukaingia na kila kiatu. Kata vipande vya upana wa vidole viwili, uviunge ncha kwa ncha, uvisuke vitatu vitatu kama ukili wa mkeka. Kisha uuzungushe msuko huo juu ya meza tambarare, ukishona ukingo kwa ukingo kwa uzi madhubuti, bila kuuvuta. Ukiuvuta mno kingo zitainuka, nalo litakuwa kikapu, jambo ambalo, kusema kweli, si hasara. Vikwembe vilivyolainika kwa kufuliwa hufaa nepi na ngata, na mabaki yake, yakiunganishwa tabaka mbili, huwa blanketi la usiku wa Juni na Julai, ambao katika mji huu ulio juu ya mita 1,400 si wa kufanyia mzaha.

Nguo moja tu naikataza, nayo ndiyo iliyo tele zaidi kwetu, kitambaa chake kinene chenye kumtamanisha kila mshonaji: salopeti ya mgodini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza mwaka 2018 kwamba katika mtaa wa Kasulo, hapa hapa Kolwezi, kobalti ilikuwa nyingi katika vumbi la majumbani, na katika mkojo wa watoto ilizidi sana ile ya watoto wa mtaa jirani usiochimbwa. Vumbi hilo hujificha katika mishono na mifukoni, wala hakuna ajuaye ni maji mangapi yatakayoliondoa lote. Basi salopeti ifuliwe peke yake, mbali na kisima na vyombo, na ikichakaa, ndugu msomaji, usiishonee kitambaa cha jikoni, wala mto, wala kitu chochote cha mtoto.