Video za Watoto Mitandaoni: Kicheko cha Leo, Kumbukumbu ya Kesho

Mtoto wa miaka mitatu ameketi sakafuni, amejipaka unga wa sembe kuanzia usoni hadi kwenye nywele. Mama anapomuuliza ni nani aliyemwaga unga, mtoto anajibu bila kupepesa macho kwamba ni paka. Nyumba hiyo haina paka. Mama anacheka, anachukua simu na kurekodi. Na kabla ugali haujaiva, video hiyo imekwishafika katika kundi la WhatsApp la ukoo na katika ukurasa wa mtandao wa kijamii ambao mtu yeyote anaweza kuuona.

Matukio ya namna hii hutokea kila siku katika kaya nyingi, mijini na vijijini, tangu simu janja zilipoenea nchini. Kicheko hicho hakina ubaya. Watoto ni furaha ya nyumba, na mzazi anayefurahia utundu wa mwanawe anaonesha upendo. Hata hivyo, lipo swali ambalo wazazi wengi hawapati nafasi ya kujiuliza kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma: je, video hiyo ni ya mzazi peke yake, au mtoto naye ana haki juu yake?

Ni vema kwanza kutambua sababu zinazowasukuma wazazi. Zamani vituko vya mtoto vilisimuliwa kibarazani, na waliovisikia walikuwa bibi, shangazi na majirani. Leo bibi yuko Kigoma, mjomba yuko Muscat na baba yuko safarini. Video ya sekunde thelathini inawakusanya wote kwa wakati mmoja. Kwa familia zilizotawanyika, huo ni msaada mkubwa, na haitakuwa busara kumtaka mzazi auache kabisa.

Tofauti iliyopo ni kwamba kisa kilichosimuliwa kibarazani kilisahaulika, na aliyekisikia alimfahamu mtoto na wazazi wake. Video iliyowekwa hadharani mtandaoni haina mipaka hiyo. Inaweza kupakuliwa, kunakiliwa, kukatwa, kuongezewa maneno na kusambazwa na mtu asiyemjua mtoto wala kumtakia mema. Mzazi akiifuta katika ukurasa wake, nakala zilizokwishachukuliwa na wengine hubaki. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.

Mfano mmoja unaofahamika duniani kote ulianza mwaka 2007 nchini Uingereza. Baba mmoja aliweka katika mtandao wa YouTube video fupi ya wanawe wawili wadogo, mdogo akimng'ata kaka yake kidole. Lengo lake lilikuwa kumwonesha baba wa ubatizo wa watoto hao aliyekuwa akiishi Marekani. Video hiyo, inayojulikana kwa jina la Charlie Bit My Finger, ilitazamwa zaidi ya mara milioni 800, na Mei 2021 ikauzwa kwa mnada kama mali ya kidijitali kwa zaidi ya dola 760,000 za Marekani. Familia hiyo ilinufaika, na kisa chenyewe hakikuwa na madhara. Funzo lake ni kwamba kitu kilichokusudiwa kuonwa na mtu mmoja kilionwa na dunia nzima, wala si baba wala watoto waliochagua iwe hivyo.

Si kila video huishia vizuri. Tofauti ya kwanza ambayo mzazi anapaswa kuiona ni kati ya mtoto anayecheka na mtoto anayechekwa. Mtoto anayeimba akikosea maneno, anayecheza ngoma na babu yake au anayedai paka ndiye aliyemwaga unga, anashiriki furaha hiyo. Lakini zipo video ambazo kichekesho chake ni machozi, hofu au fedheha ya mtoto. Kuanzia mwaka 2011, kipindi cha televisheni cha Jimmy Kimmel nchini Marekani kiliwahamasisha wazazi kuwadanganya watoto wao kwamba wamekula pipi zao zote, kisha kuwarekodi wakilia. Agosti 2023 ulienea katika mtandao wa TikTok mchezo wa wazazi kuwapasulia watoto mayai kwenye paji la uso bila kuwaonya. Watazamaji walicheka, baadhi ya watoto walilia, wengine wakamtazama mzazi kwa mshangao.

Mtoto mdogo hamjui mtazamaji. Anamjua mama na baba. Anapoumizwa au kutishwa na yule anayemtegemea kwa ulinzi, kisha akaona mtu huyo anacheka na simu imemwelekea, anajifunza kwamba maumivu yake ni burudani. Yapo pia mambo yasiyomuumiza mtoto siku ile lakini yatamuumiza baadaye: kukojoa kitandani, kuogeshwa akiwa uchi, kuadhibiwa, kushindwa kusoma, au kuugua. Mtoto wa miaka mitatu hajui aibu hiyo, lakini atakapofikisha miaka 13 na wenzake darasani wakaipata video, ataijua.

Katika suala hili mtoto ana ulinzi wa kisheria. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inatambua haki ya kila mtu kuheshimiwa na kupata hifadhi ya nafsi yake na maisha yake binafsi. Katiba haikusema haki hiyo ni ya watu wazima pekee. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18, na inaelekeza kwamba maslahi ya mtoto yawe jambo la msingi katika masuala yote yanayomhusu. Sheria hiyo hiyo inampa mtoto mwenye uwezo wa kutoa maoni haki ya kusikilizwa katika maamuzi yanayogusa ustawi wake.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa binafsi nyeti, yaani zile zinazohitaji uangalizi wa juu zaidi. Usimamizi wa sheria hiyo uko chini ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Kwa upande mwingine, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuwa kosa kuchapisha ponografia ya watoto kupitia mfumo wa kompyuta, na inakataza pia unyanyasaji wa mtu kwa njia ya mtandao.

Tanzania vilevile iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991 na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 2003. Mikataba yote miwili inalinda faragha ya mtoto. Mkataba wa Afrika, katika Ibara ya 10, unaongeza kwamba wazazi wana haki ya kusimamia mienendo ya watoto wao kwa kiasi kinachofaa. Hivyo basi, mamlaka ya mzazi hayapingwi. Kinachosemwa ni kwamba mamlaka hayo yametolewa ili kumlinda mtoto. Mwaka 2021, Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilitoa ufafanuzi kuhusu mazingira ya kidijitali na kutaja wazi kwamba faragha ya mtoto inaweza kuhatarishwa hata na wazazi wanaoweka picha zake mtandaoni.

Mataifa mengine nayo yamekwishachukua hatua. Nchini Ufaransa, sheria ya Februari 19, 2024 inawataka wazazi wote wawili kulinda kwa pamoja haki ya mtoto juu ya picha yake na kumshirikisha kulingana na umri na upeo wake. Wazazi wasipokubaliana, hakimu anaweza kumzuia mmoja wao kuchapisha picha bila idhini ya mwenzake. Katika jimbo la Illinois nchini Marekani, tangu Julai 1, 2024, wanaojipatia kipato kwa video zinazowatumia watoto wao wanatakiwa kuweka akiba sehemu ya mapato kwa ajili ya mtoto. Karibu zaidi, nchini Kenya, Septemba 2023 mamlaka ya ulinzi wa data iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 za nchi hiyo kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

Suala la kipato linastahili kutazamwa kwa makini hapa nchini pia. Ukurasa wa mtoto unapopata wafuasi wengi, wafanyabiashara hufika na matangazo, na kilichoanza kama mchezo hugeuka kazi. Mtoto huanza kurudia kituko kile kile mara kumi ili video ipendeze, hata akiwa na usingizi. Sheria ya Mtoto imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kufanya kazi, tena kazi nyepesi, na inakataza ajira za kinyonyaji. Mzazi anayepokea fedha kwa sura ya mwanawe anapaswa kujiuliza kazi hiyo ni ya nani, inachukua muda gani wa masomo na mapumziko, na fedha hizo zinamfikiaje mtoto mwenyewe.

Hatari nyingine ni ya usalama wa kila siku. Mara nyingi video ya kuchekesha hubeba taarifa ambazo mzazi hakukusudia kuzitoa. Sare yenye nembo hutaja shule. Kibao cha mtaa au namba ya gari hutaja makazi. Shangwe za siku ya kuzaliwa hutaja umri na tarehe. Na sauti ya mama akiita hutaja jina. Picha iliyopigwa kwa simu iliyoruhusiwa kutambua mahali inaweza kubeba pia taarifa za mahali ilipopigwa. Mtu mwenye nia mbaya akiziunganisha, anaweza kumfuata mtoto njiani na kumwita kwa jina lake kana kwamba ametumwa na mzazi. Video za watoto wakiwa uchi au nusu uchi, hata zilizopigwa kwa nia njema bafuni au ufukweni, hukusanywa na wahalifu kwa matumizi mabaya, na sasa teknolojia ya akili unde inawawezesha kugeuza hata picha ya kawaida.

Je, mzazi aache kabisa? Jibu la haki ni kwamba inategemea video yenyewe, nani ataiona na mtoto ana umri gani. Mzazi anaweza kujipima kwa maswali machache kabla ya kutuma. Je, mtoto katika video hii anacheka, au anachekwa? Je, kuna kitu kinachomtambulisha mgeni mahali anapoishi au anaposoma? Je, mzazi angependa video ya namna hiyo kumhusu yeye mwenyewe ioneshwe ofisini kwake? Je, mtoto akifikisha miaka 15 na kuiona mbele ya wenzake, atafurahi? Jibu la swali moja likitia shaka, video ibaki katika simu.

Video inayofaa kutumwa itumwe kwa watu wanaofahamika, na waombwe kutoisambaza. Kurasa za mitandao zina mpangilio wa faragha unaomwezesha mwenye ukurasa kuchagua nani aone. Inafaa mpangilio huo ukaguliwe. Utambuzi wa mahali katika kamera uzimwe. Mtoto anayeweza kusema aulizwe, na akikataa asilazimishwe. Mtoto aliyezoea kuombwa ruhusa nyumbani atajua kwamba ana haki ya kukataa mtu mwingine anapotaka kumpiga picha, na hiyo ni kinga atakayotembea nayo. Mitandao mikubwa ya kijamii, ikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, inaweka miaka 13 kuwa umri wa chini wa kufungua akaunti. Hivyo mtoto aliye chini ya umri huo hapaswi kujifungulia akaunti yake mwenyewe.

Wajibu huu hauishii kwa wazazi. Shangazi, msaidizi wa nyumbani, mwalimu na jirani nao wana simu. Inafaa familia ikubaliane mapema nani anaruhusiwa kurekodi na wapi video zinaweza kupelekwa, na shule ziombe ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchapisha picha za mahafali au michezo. Mtazamaji naye ana sehemu yake: video ya mtoto anayedhalilishwa ikimfikia, asiisambaze hata kwa nia ya kulaani, kwa kuwa kila anayeituma anaongeza idadi ya wanaomwona mtoto huyo akidhalilika.

Kwa wale ambao tayari wameweka video wanazozijutia, bado kuna la kufanya. Zifutwe katika kurasa zao, waliozisambaza waombwe kuziondoa, na pale zinapoonekana kwingine itumike njia ya kutoa taarifa iliyomo ndani ya mtandao husika. Iwapo picha ya mtoto imetumiwa kwa udhalilishaji au vitisho, mzazi ahifadhi ushahidi na kufika Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha Polisi, au kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa eneo lake. Vilevile, Huduma ya Simu kwa Mtoto inapatikana bila malipo kupitia namba 116.

Mtoto aliyejipaka unga atakua. Huenda siku moja atamwomba mama yake amwoneshe ile video, na wote wawili watacheka tena, yeye akiendelea kudai kwamba alikuwa paka. Ikiwa video hiyo imetunzwa nyumbani, yeye mwenyewe ndiye atakayeamua ni nani mwingine aione.