Kenya: Hori la Mida, kambi ya ndege wanaotoka Siberia

Kati ya Agosti na Aprili kila mwaka, maelfu ya ndege wa pwani hupiga kambi katika hori la Mida, karibu na mji wa Watamu, kaunti ya Kilifi, nchini Kenya. Wengi wao wamezaliwa kaskazini kabisa mwa Urusi. Mgeni anaweza kuwatazama kwa karibu bila kupanda mashua, lakini hana budi kupanga safari yake kwa kufuata kujaa na kupwa kwa maji.

Hori hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba 32 hivi na limezungukwa na misitu ya mikoko. Hakuna mto unaoingia humo. Bahari huingia kwa mlango mwembamba, na maji matamu huchuruzika kutoka chini ya ardhi. Hori ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyoanzishwa mwaka 1968, na mwaka 1979 UNESCO iliitambua Malindi na Watamu kuwa hifadhi ya viumbe hai. Maji yanapokupwa, tope pana hubaki wazi, limejaa kaa wadogo, minyoo na konokono. Chakula hicho ndicho kinachowavuta ndege.

Wageni wa aina mbili

Miongoni mwao yumo chekeamwezi mdogo mwenye mdomo uliopinda kuelekea chini. Uzito wake ni gramu 60 hivi, lakini husafiri maelfu ya kilomita kutoka nyanda za baridi za Siberia, anakotaga mayai mwezi Juni. Ndege wazima huondoka kwanza. Makinda hufuata baadaye bila mzazi wa kuwaonyesha njia.

Mwingine ni ndege mla kaa, mweupe mwenye mabawa yaliyochanganyika na weusi na mdomo mnene mweusi. Huyu hatoki kwenye baridi. Huzaliana katika fukwe na visiwa vya Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba, ambako huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja. Joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Baada ya hapo huteremka hadi pwani ya Afrika Mashariki.

Saa ya kwenda

Maji yakiwa yamekupwa kabisa, ndege hutawanyika mbali kwenye tope na huonekana kama nukta tu. Maji yakiwa yamejaa, tope lote hufunikwa, nao huenda kupumzika mahali pakavu. Wakati mzuri ni saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa, ambapo bahari huwasukuma polepole kuelekea ukingoni. Hapo ndipo ilipo njia ya mbao inayoning'inia kati ya mikoko, na mwishoni mwake kibanda cha kujificha cha watazamaji.

Saa ya maji kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, hivyo ratiba ya jana haimfai mgeni wa kesho. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, maji hupanda na kushuka kwa kiasi kikubwa. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua. Wavuvi na waongozaji wa eneo hilo huzijua saa hizo, na ni busara kuwauliza kabla ya kuanza safari.

Kwa nini utulivu ni muhimu

Kabla ya kuondoka mwezi Aprili, ndege wa kaskazini hulazimika kujaza mafuta mwilini, kwa kuwa hayo ndiyo nguvu ya safari. Kila mara mtu au mbwa anapowashtua wakaruka, hupoteza sehemu ya akiba hiyo pamoja na muda wa kula, na anayeondoka na akiba pungufu huenda asifike. Mwaka 2024 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimweka chekeamwezi huyo katika kundi la viumbe walio hatarini kutokana na kupungua kwa idadi yake. Kwa hiyo mgeni hushauriwa kubaki kwenye njia ya mbao, kuzungumza kwa sauti ya chini na kutumia darubini badala ya kushuka topeni.

Hatari nyingine ni ukataji wa mikoko kwa ajili ya boriti na kuni. Kuwakataza watu bila kuwapa njia nyingine ya kujikimu hakujawahi kutosha. Tangu mwaka 2001, mpango wa shirika la A Rocha Kenya umetumia ada za wageni, pamoja na michango, kuwalipia karo za sekondari watoto wa familia zinazoishi kando ya hori na msitu jirani wa Arabuko-Sokoke. Kwa njia hiyo, mkoko uliosimama na ndege anayerudi huwa na faida inayoonekana nyumbani kwa mwanakijiji.

Anayetaka kuwaona ndege wakiwa katika uzuri wao wote afike mwishoni mwa Machi au mapema Aprili. Wakati huo chekeamwezi wazima huwa wameanza kubadilisha manyoya ya kijivu kuwa mekundu kama tofali, tayari kwa safari. Makinda wengi wa mwaka wao wa kwanza hawaondoki. Hubaki Mida hadi wenzao watakaporejea.