Kamera ya Kompyuta: Chagua Dirisha Lenye Pazia

Mwaka 1991, wataalamu wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichoka kuondoka vyumbani mwao kufuata kahawa na kukuta chombo kitupu. Wakaelekeza kamera kwenye chombo hicho, na kila mmoja akawa anaangalia kutoka mezani pake kama kuna kilichobaki. Mwaka 1993 picha hiyo iliunganishwa na intaneti, na watu wa nchi za mbali wakawa wanakitazama chombo cha kahawa wasiyoweza kuinywa. Kamera hiyo ilizimwa mwaka 2001.

Kisa hiki kinachekesha, lakini kina funzo. Tangu asili yake, kamera ya namna hii ni jicho linalotazama mahali ambapo mwenye kutazama hayupo. Leo jicho hilo limeingia kumbini mwetu. Nasi watu wa Pwani tunalihitaji, kwani nyumba nyingi zetu zina mtu aliye ng'ambo: kijana yuko Doha, binti yuko Jeddah, mjomba yuko Muscat, na wajukuu wamezaliwa Uingereza au Canada. Mama aliyebaki Lamu, Malindi au Kisauni hatosheki kusikia sauti. Anataka kuuona uso. Kwa hivyo kuchagua kamera si jambo la anasa. Ni jambo la kuunga udugu, na wakati huohuo ni jambo la sitara ya nyumba.

Rai yetu ni hii: tuitafute kamera inayoonyesha uso vizuri kwa mwanga wa nyumba zetu, inayobeba sauti safi, na inayoweza kufungwa. Wingi wa pikseli uje baadaye.

Je, kuna haja ya kununua?

Tuanze na kile kilichomo mikononi. Kwa mazungumzo mafupi, simu inatosha. Tatizo ni kwamba simu huchosha mkono, picha hutikisika, na wazee wetu wana mazoea yao. Mara ngapi babu amepigiwa simu ya picha, akaiweka sikioni kama alivyozoea, na mwanawe huko aliko akabaki kutazama sikio? Kamera iliyotulia juu ya kompyuta humwachia mzee mikono yake, akakaa kitini na kikombe chake cha chai, akazungumza kama aliye barazani.

Vipakatalishi vingi vina kamera ndani yake. Ijaribuni hiyo kwanza. Aidha, simu zenyewe zaweza kugeuzwa kamera ya kompyuta: baadhi ya simu zenye Android 14 na kuendelea hufanya hivyo kwa waya wa USB, na tangu mwaka 2022 simu za iPhone zimeweza kutumika hivyo pamoja na kompyuta za Mac. Anayenunua kamera na anunue kwa sababu ipo haja, si kwa sababu jirani amenunua.

Hesabu za picha

Muuzaji atawatajia namba, na ni vyema kuzielewa. Picha ya 720p ina pikseli 1,280 kwa 720, yaani zaidi ya laki tisa. Picha ya 1080p ina 1,920 kwa 1,080, zaidi ya milioni mbili. Zipo pia za 4K, zenye zaidi ya milioni nane. Ni kweli kwamba pikseli zikizidi, picha inaweza kuwa safi zaidi. Lakini picha hiyo ina njia ya kupita, na njia hiyo hulipiwa.

Kwa maelezo ya Zoom, mazungumzo ya watu wawili kwa picha ya 720p huhitaji takriban megabiti 1.2 kwa sekunde za kutuma na 1.2 za kupokea. Ukipiga hesabu, hiyo ni kama gigabaiti moja kwa saa. Picha ya 1080p huhitaji megabiti 3 na zaidi. Mwenye kutumia bando la simu atazame hesabu hiyo mara mbili kabla ya kulipia kamera ya 4K. Mtandao ukiwa mdogo, programu yenyewe itaipunguza picha, na pesa ya kamera itakuwa imepotea. Kwa nyumba nyingi, 720p nzuri inatosha, na 1080p ni ukarimu.

Kuna namba nyingine ambayo wengi hawaiulizi, nayo ni idadi ya picha kwa sekunde. Isipungue 30. Familia ambazo watoto wao husomeshwa Qur'ani kwa masafa zitaelewa upesi: mwalimu anahitaji kuuona mdomo wa mwanafunzi ukitamka herufi, na picha inayorukaruka haimsaidii. Hali kadhalika kwa jamaa zetu viziwi wanaozungumza kwa lugha ya ishara, ambao kwao mkono ndio ulimi.

Upana wa jicho

Ulizeni lenzi inaona nyuzi ngapi. Tuchukue mfano wa kamera mbili za Logitech zinazojulikana sana, si kwa nia ya kuzitangaza bali kwa kulinganisha. C270 ni ya 720p, huona takriban nyuzi 55, na lenzi yake haijirekebishi kwa umbali. Inamfaa mtu mmoja aliyekaa mbele yake. C920 ni ya 1080p, huona nyuzi 78, na hujirekebisha yenyewe. Hiyo yafaa watu wawili au watatu waliokaa pamoja siku ya Idi.

Lakini upana una gharama ambayo haiandikwi kwenye boksi. Jicho pana huona pia mlango wa chumba cha ndani, kamba ya nguo, na binti anayepita asijue kwamba anaonekana. Msichague upana kuliko haja yenu.

Mwanga na sauti

Kamera ya bei kubwa mbele ya dirisha lenye jua la Pwani hushindwa na kamera ya bei ndogo iliyowekwa mahali pake. Mtu akikaa na dirisha nyuma yake, uso huwa kivuli kitupu. Ageuke, dirisha liwe mbele yake au ubavuni. Usiku, taa iwe nyuma ya kamera, impige usoni kwa upole. Mwanga ukiwa haba, kamera nyingi hupunguza idadi ya picha kwa sekunde, na kila mkono unaopungwa huwa kama moshi.

Mavazi yetu nayo yana hukumu yake mbele ya lenzi. Kamera hupima mwanga wa eneo zima. Kanzu nyeupe ikijaa kwenye picha, kamera hudhani mwanga ni mwingi, ikautia uso giza. Buibui jeusi likijaa, hufanya kinyume chake, na uso ukapauka. Dawa ni kukaa karibu kidogo ili uso uchukue nafasi kubwa, au kurekebisha mwanga kwa mkono katika mipangilio ya kamera.

Kamera na iwe usawa wa macho. Kipakatalishi kikiwa chini, mtoto aliye mbali huona kidevu cha mama yake na dari. Kiinueni kwa sanduku au kigoda. Vitabu vya dini si kazi yake kubeba kompyuta. Na kidirisha chenye sura ya mwanao kisogezwe karibu na lenzi, ili ukimtazama yeye, naye aone kwamba unamtazama.

Sauti ina uzito kuliko picha. Picha ikififia, mazungumzo huendelea. Sauti ikikatika, yamekwisha. Maikrofoni ya kamera hukusanya kelele za feni na za barabarani, hasa mtu akikaa mbali. Kwa mzee ambaye masikio yamechoka, maikrofoni ndogo iliyo karibu naye na spika nzuri zitamfaa kuliko pikseli milioni. Pakiwa na mwangwi, vaeni visikizi.

Pazia la dirisha

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwetu ni zito kuliko yote. Sura ya An-Nur, aya ya 27, inatufunza kutoingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na kuwatolea salamu wenyewe. Na aya ya 58 inakwenda mbali zaidi: inataja nyakati tatu ambazo hata wahudumu na watoto wa nyumba hiyohiyo hutakiwa kuomba ruhusa, nazo ni kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya sala ya isha. Ikiwa mtoto wa nyumbani anabisha hodi, basi kamera inayoingia na macho ya watu wa mbali inastahiki kubisha zaidi.

Maana yake kwa vitendo ni rahisi. Simu ya picha itanguliwe na ujumbe au sauti: "Naweza kuwaona?" Aliye Toronto akumbuke kwamba saa tatu yake ya usiku ni saa kumi au kumi na moja ya alfajiri Mombasa. Anayepokea awatangazie waliomo ndani kwamba kamera iko wazi. Na anayezungumza aseme ni nani aliye naye chumbani huko aliko, kwani shemeji aliyekaa kando ya skrini anaona bila kuonekana.

Kisha kifuniko. Zipo kamera zinazouzwa na kigae kidogo cha kufunika lenzi, kama ile C920s. Hicho ni bora kuliko taa ya kuashiria. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani walionyesha kwamba katika baadhi ya kompyuta za zamani za Apple, kamera iliweza kuwashwa na programu huku taa yake ikiwa imezima. Mwaka 2016 ilionekana picha ya Mark Zuckerberg, mwenye Facebook, akiwa karibu na kipakatalishi chake, na kamera yake imebandikwa utepe. Ikiwa tajiri wa mitandao anaziba jicho hilo, sisi tuna udhuru gani? Kamera ya waya ina fadhila nyingine: ukiichomoa, imekwisha kuona. Kwa kamera iliyomo ndani ya kipakatalishi, tumieni karatasi nyembamba inayobanduka. Kifuniko kinene chaweza kuharibu skrini mnapoifunga.

Msichanganye kamera hii na zile za ulinzi zinazounganishwa na waifai saa zote. Mwaka 2016, programu haribifu iitwayo Mirai ilivamia kamera na vifaa vingi duniani kwa sababu wenyewe hawakubadilisha neno la siri lililotoka kiwandani. Anayetaka kamera ya ulinzi aiweke mlangoni na uani kwa nje, abadilishe neno la siri siku ya kwanza, na asiielekeze sebuleni wala vyumbani.

Tuwafunze pia vijana kwamba aliye upande wa pili anaweza kuirekodi simu bila ninyi kujua. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha, na sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 inaadhibu kusambaza picha za siri za mtu. Sheria ni kinga, lakini huja baada ya picha kutoka. Heshima ya binti haingoji mahakama. Kompyuta yenye kamera na ikae ukumbini, si chumbani mwa mtoto kwa mlango uliofungwa.

Ng'ambo nako kuna kanuni zake

Baadhi ya nchi za Ghuba zina masharti juu ya simu za intaneti. Saudia iliondoa zuio mwaka 2017 kwa programu zinazotimiza kanuni zake. Falme za Kiarabu hutumia programu zilizoidhinishwa, kama BOTIM. Kabla ya kununua kamera, muulizeni mtoto wenu programu ipi inakubaliwa kihalali anakoishi, kisha muijaribu.

Mnapokwenda dukani

Nendeni na kipakatalishi chenu. Takeni kamera inayofanya kazi mara inapochomekwa, bila kusakinisha kitu. Kwa lugha ya mafundi huitwa UVC. Hakikisheni ncha ya waya inaingia kwenye tundu la kompyuta yenu, na kishikizo kinakaa imara juu ya skrini. Rekodini dakika moja papo hapo, mtu mmoja akizungumza, kisha msikilize na kutazama. Takeni risiti yenye muda wa dhamana. Na kama kamera mbili zinalingana, moja ina pikseli zaidi na nyingine ina kifuniko, chukueni yenye kifuniko.

Wazee wetu walijenga nyumba za mawe zenye madaka, baraza na ua wa ndani: mgeni akapata pa kukaa, na wenye nyumba wakapata pa kusitirika. Hawakuchagua kati ya ukarimu na staha. Walivijenga vyote viwili ndani ya ukuta mmoja. Nasi tuipange kamera kwa hekima hiyohiyo: ifunguliwe kwa ajili ya mama na mwanawe, na maneno yakimalizika, ifungwe.

Mwenyezi Mungu awaunganishe waliotengwa na bahari, na azidishe sitara katika nyumba zetu. Wabillahi tawfiq.