Mkono Usiotosha: Nomino 'Hand' ya Kiingereza Mbele ya Mfasiri wa Kiswahili

1.0 Utangulizi



Zipo nomino ambazo hakuna mwanafunzi anayezihofu. Hand ni mojawapo. Kisawe chake, mkono, hufundishwa katika masomo ya awali kabisa, na tangu hapo mwanafunzi huamini kuwa ameimaliza. Katika mhadhara huu ninakusudia kuonyesha kwamba imani hiyo ndiyo chanzo cha makosa mengi ya tafsiri. Hoja yangu ni moja: nomino ya kawaida haina kisawe kimoja cha kuchukuliwa dukani, maana yake hukaa katika vifungu inamotumika, na ni vifungu hivyo vinavyopaswa kutafsiriwa.

2.0 Mpaka wa kiungo chenyewe

Tuanze na mwili, maana hata hapo pana tofauti. Mkono wa Mswahili huanzia begani ukaishia kwenye ncha za vidole. Kiingereza hukikata kiungo hicho mara mbili: sehemu ya juu ni arm, na kuanzia kifundo kwenda chini ni hand. Mgonjwa anaposema kwa Kiswahili kwamba ameumia mkono, mkalimani hawezi kufasiri kabla ya kuuliza ni wapi. Akikisia, huenda daktari akapiga picha ya mfupa usiohusika.

Hii haina maana kwamba Kiswahili ni maskini wa istilahi. Kinacho kiganja, kifundo na kiwiko, na huvitumia pale haja inapotokea. Tukiambiwa tunawe mikono kabla ya kula, hakuna anayeuliza mpaka wapi. Lakini katika mafunzo ya udhu ni lazima itajwe kuwa mikono huoshwa hadi viwikoni. Muktadha ukitosha, lugha hunyamaza, usipotosha, husema.

3.0 Mkono unapokuwa mtu

Kiingereza humwita mfanyakazi kwa jina la kiungo anachofanyia kazi. Shamba linalohitaji wafanyakazi zaidi husemwa kuwa linahitaji mikono zaidi, na meli iliyozama bila kunusurika mtu husemwa kuwa imepotea pamoja na mikono yote. Hii ni metonimia, yaani sehemu kusimama badala ya kitu kizima. Mwanafunzi anayeandika kwamba "meli ilizama na mikono yote" amehamisha maneno, ila watu wamebaki baharini bila kutajwa. Mswahili angesema kwamba meli ilizama na mabaharia wote.

Metonimia hii si pambo tu. Katika riwaya yake Hard Times ya mwaka 1854, Charles Dickens aliwaonyesha wafanyakazi wa viwanda katika mji wa kubuni wa Coketown wakiitwa kwa jina hilo, akadokeza kwa kejeli kwamba wapo ambao wangependezwa zaidi kama watu hao wangeumbwa kuwa mikono mitupu. Bwana wa kiwanda alihitaji mikono; vichwa na mioyo iliyoambatana nayo ilikuwa usumbufu.

Je, Kiswahili hakina mfano wa jambo hili? Kinao, ila kimepita njia nyingine. Mfanyakazi wa kutwa tunamwita kibarua, na neno hilo ni barua iliyopewa kiambishi cha udogo. Asili yake ni kile kikaratasi alichopewa mtu kama hati ya kazi yake ya siku, ili akirudishe apate ujira. Jina la kikaratasi likamhamia aliyekishika, na baadaye likawa jina la kazi yenyewe, hata leo tunasema mtu "amekosa kibarua". Mwingereza alimhesabu mfanyakazi kwa mkono wake. Huku kwetu alihesabiwa kwa karatasi iliyokuwa mkononi. Lugha zote mbili zimehifadhi kumbukumbu ya mtu aliyepunguzwa, kila moja kwa namna yake.

Basi mfasiri wa Dickens afanye nini? Katika taarifa ya kawaida, vibarua au wafanyakazi watatosha. Lakini pale mwandishi mwenyewe anapolichezea neno, mfasiri akiandika vibarua ataua kejeli. Hapo hana budi kubakiza mikono, kwa kuwa matini yenyewe inamfundisha msomaji jinsi ya kuielewa. Neno ni lile lile, mwandishi ni yule yule, na bado jibu ni tofauti, kwa sababu kazi ya kifungu imebadilika.

4.0 Mahali ambapo mkono hauonekani

Katika vifungu vingi mkono wa Kiingereza hauhitajiki kabisa katika Kiswahili. Nguo iliyokwisha kuvaliwa, Mwingereza huita ya mkono wa pili, akizingatia imepitia kwa wangapi. Sisi tunaiita mtumba, tukizingatia ilivyofungwa robota ilipowasili. Sehemu ya mkungu wa ndizi anayoiita mkono, sisi tunaiita chana. Mikono ya saa kwetu ni mishale, au akrabu, neno tulilolipata katika Kiarabu ambako lina maana pia ya nge. Anayepima hoja kwa Kiingereza husema "kwa mkono huu" na "kwa mkono ule". Kwa Kiswahili tunasema kwa upande mmoja na kwa upande mwingine. Anayetaka kuoa huomba mkono wa binti kwa Kiingereza. Kwetu hupelekwa posa.

Mhalifu anayekamatwa na "mkono mwekundu" ametoka katika sheria za zamani za Uskoti, ambako damu mkononi ilikuwa ushahidi. Kiswahili husema amekamatwa na kidhibiti, na kama kosa ni la uzinzi, kinacho kitenzi mahususi: amefumaniwa.

5.0 Marafiki wa uongo

Hatari kubwa zaidi haipo pale lugha zinapotofautiana waziwazi, bali pale zinapofanana kwa sura. Kwa Kiingereza, kumpa mtu mkono ni kumsaidia. Kwa Kiswahili, kumpa mtu mkono ni kumsalimu, kumuaga au kumfariji. Tunao mkono wa Idi, mkono wa buriani na mkono wa pole. Mgeni aliyelemewa na mizigo akisema "naomba unipe mkono", atanyooshewa kiganja kwa heshima zote, na mizigo itabaki pale pale. Alipaswa kusema "nishike mkono", au kwa wazi, "nisaidie".

Tazameni kinachobadilika hapo. Nomino imebaki ile ile. Kitenzi ndicho kilichoamua. Kumpa mkono ni salamu, kumshika mkono ni msaada, kumuunga mkono ni kukubaliana naye. Maana haimo katika mkono peke yake.

Vipo pia vifungu vinavyokubaliana. Msaidizi mkuu ni mkono wa kulia katika lugha zote mbili. Anayejitoa katika jambo hunawa mikono, kwa kuwa kisa cha Pilato katika Injili ya Mathayo kinajulikana pande zote. Lakini mkono wa birika, yaani bahili, ni wetu sisi. Atakayeupeleka katika Kiingereza neno kwa neno atakuwa ameuza birika bila kujua.

6.0 Hitimisho

Kutokana na hayo, ninatoa mapendekezo mawili. La kwanza ni kwa watunga kamusi: kitomeo cha nomino ya kawaida kisiishie kwenye orodha ya visawe, bali kionyeshe vifungu vyake pamoja na vitenzi vinavyoambatana nayo. Kamusi ikisema tu kwamba hand ni mkono, imesema kweli isiyomsaidia mtu. La pili ni kwa wanafunzi: mnapokutana na nomino mnayoifahamu sana, msiulize inaitwaje kwa Kiswahili. Ulizeni kifungu kizima kinafanya kazi gani, na Mswahili akitaka kufanya kazi hiyo hiyo husemaje.

Maneno magumu hutupeleka kwenye kamusi, nayo hutuokoa. Maneno mepesi tunayapita bila kubisha hodi, na huko ndiko tunakojikwaa.